Kumsainisha hati za mkopo mteja asiyeona: mwongozo kwa mawakili na makarani wa Malindi

Mteja asiyeona akipinga deni mahakamani, mara nyingi hakuna anayebishania sahihi. Sahihi ipo na muhuri upo. Kinachoulizwa ni nani alimsomea, alisoma yote au aliruka, kwa lugha gani, na nani mwingine alikuwa chumbani. Wakili asiye na majibu ya maswali hayo kwenye faili lake hana ushahidi, hata hati iwe imepigwa mihuri kumi.

Mzizi wa suala hili ni wa zamani. Mwaka 1869, katika kesi ya Foster dhidi ya Mackinnon, mahakama ya Uingereza ilieleza kwamba kipofu au asiyejua kusoma akisomewa mkataba kwa uongo, akatia sahihi kitu tofauti kabisa na alichosomewa, sahihi hiyo haimfungi. Mwaka 1970 huko huko Uingereza, mjane wa miaka 78 aliyekuwa amevunjikiwa na miwani alitia sahihi hati ya nyumba bila kuisoma, akidhani anampa mpwa wake. Dai la kutaka hati ile ihesabiwe si yake likakataliwa hadi ngazi ya juu kabisa. Ziweke kesi hizo pamoja uone uzito unaangukia wapi: ni kwa aliyesoma na namna alivyosoma.

Kwa Kenya, kifungu cha 44 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinakubali sahihi, alama ya dole gumba au alama nyingine. Kifungu cha 45 kinamtaka anayethibitisha amtambue mtu, ahakikishe ametia sahihi kwa hiari yake, kisha aandike cheti. Hakuna sheria inayosema asiyeona lazima atumie dole, wala inayomlazimisha kuleta mtu wa kumsainia. Katiba, ibara ya 54, inampa haki ya kutumia nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole) au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unataja mikopo ya benki waziwazi katika ibara ya 12. Afisa wa mikopo akikwambia "sisi vipofu hatuwapi bila mwenye nguvu za uwakili," mtajie ibara hiyo.

Notari hapa kwetu ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, na muhuri wake huhitajika zaidi hati inapovuka mpaka. Malindi hilo si geni, maana nyumba nyingi za ufuoni zina mkono wa Mtaliano. Mikopo ya kawaida ya benki na Sacco huishia kwa wakili au kamishna wa viapo. Hatua zinazofuata ni zile zile kwa wote.

Kabla ya siku yenyewe

Mpigie simu mteja mwenyewe. Usimpigie mwanawe wala afisa wa benki. Dakika kumi zinatosha kujua mambo ya msingi: haoni kabisa au anaona kidogo? Anasoma nukta nundu? Ana simu inayosoma kwa sauti? Hutia sahihi au dole, na benki ina sampuli ipi? Anataka kusomewa kwa Kiswahili, Kigiriama, Kibajuni au Kiingereza? Atakuja na nani?

Usikisie lolote kati ya hayo. Waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani, kwa presha ya jicho au kisukari, wengi hawajawahi kujifunza nukta nundu, na ukiwachapia utakuwa umefanya kazi bure. Kwa upande mwingine, mwalimu mstaafu aliyesomea shule ya wasioona huenda akasoma kwa vidole haraka kuliko karani wako anavyosoma kwa macho. Kutoona na kutojua kusoma ni mambo mawili, na anayeyachanganya huanza kwa kumdharau mteja kabla hajaketi.

Kisha iombe benki hati zote siku tatu za kazi kabla, na zije kwa faili la maandishi. Hapa ndipo wengi hukwama. Benki hutuma PDF iliyopigwa skani, ambayo ni picha tu. Programu ya kusoma skrini, iwe TalkBack ya simu za Android au NVDA ya kompyuta, ikifika hapo mara nyingi haipati cha kusoma. Omba faili la Word, au PDF ambayo ukibonyeza neno linachagulika. Jedwali la marejesho nalo husomeka vibaya kwa sauti, kwa hivyo lipangue liwe sentensi: "Mwezi wa kwanza, tarehe 5, unalipa 17,089."

Kwa anayeona kidogo, chapa kwa herufi nene zisizo na mikia, saizi 18 hadi 24, karatasi isiyong'aa, wino mweusi. Usitumie italiki wala herufi kubwa tupu. Nukta nundu hula karatasi mara tatu hivi ya maandishi ya kawaida, kwa hivyo hati ya kurasa 12 ni kitabu kizima. Mara nyingi inatosha kumchapia muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili wenye takwimu muhimu, hati yenyewe ukamsomea.

Halafu piga hesabu ya muda. Kusoma kwa sauti, kwa mwendo wa kusikika vizuri, ni maneno 120 hivi kwa dakika. Hati ya kurasa 12 zenye maneno 400 kila moja ni maneno 4,800, yaani dakika 40 za kusoma tu, bila swali wala kikombe cha maji. Ukitafsiri papo hapo, zidisha mara mbili. Tenga saa mbili na nusu na usiweke mteja mwingine nyuma yake. Ijumaa asubuhi iache kabisa: mkifika nusu ya hati saa ya swala itakuwa imeingia, na yatakayosomwa baada ya hapo yatasomwa mbio. Mteja anayetoka Faza au Kiunga, upande wa Lamu, ana chombo cha kuwahi na gari la kupanda Mokowe. Muulize anarudi saa ngapi kabla hujampangia saa.

Chumba

Asiyeona anategemea sikio, na ofisi nyingi za mjini zinapakana na barabara ya tuktuk. Chagua chumba cha ndani. Feni ya darini inayogongagonga ni kero mara mbili, inafunika sauti na kupeperusha kurasa. Bora feni ndogo ya sakafuni iliyoelekezwa miguuni, la sivyo msimu wa kaskazi hakuna atakayestahimili saa mbili. Anayeona kidogo mkalishe dirisha likiwa nyuma ya bega lake. Likiwa mbele yake, mwanga wa nje utamuumiza macho na karatasi itakuwa giza.

Mezani weka vitu vichache: hati, kalamu nyeusi ya ncha nene, kiolezo cha sahihi (kitaelezwa chini), pedi ya wino, kitambaa, spiriti. Ondoa glasi na chai. Simu za watu wote zizimwe mlio.

Akifika

Msalimie kama unavyomsalimia mtu wa rika lake, shikamoo kama ni ya shikamoo, kisha ujitaje jina na kazi yako. Kila aliyemo chumbani ajitaje kwa sauti yake mwenyewe, maana mteja atamkumbuka mtu kwa sauti na mahali ilipotoka. Mtu akitoka au akiingia, sema. Kunyamaza tu na kumwacha mzee akizungumza na kiti kitupu ni utovu wa adabu.

Usimshike mkono kumburuta. Mpe kiwiko akishike, tembea nusu hatua mbele, na mkifika weka mkono wake kwenye mgongo wa kiti, ataketi mwenyewe. Fimbo yake ikae anapoiweka yeye. Na maswali yaende kwake: "Mzee, ungependa nianze na barua ya mkopo?" Si "Huyu mzee anataka nianze wapi?" kwa kijana aliyemleta.

Kitambulisho, PIN ya KRA na picha vikague wewe, kisha umwambie ulichosoma: jina lilivyoandikwa, nambari, na jina lililo kwenye hatimiliki. Majina ya Pwani hukorogwa sana na makarani, Athman akawa Othman, na tofauti ya herufi moja kwenye hatimiliki humrudisha mteja ofisi ya ardhi.

Nani atoke nje

Sehemu hii haina mjadala. Kabla ya kusoma, baki na mteja peke yake angalau dakika kumi. Aliyemshika mkono atoke, afisa wa benki atoke, mdhamini atoke, na mume au mke pia. Muulize mambo matatu: umekuja kwa hiari yako, fedha hizi ni za nani hasa, na kuna mtu aliyekuahidi au kukutisha? Swali la pili ndilo hufichua mengi. Mkopo unaochukuliwa kwa kiwanja cha mama lakini pikipiki na duka ni vya mtoto huonekana hapo. Si lazima uuzuie, mama ana haki ya kumsaidia mwanawe. Unachotakiwa ni kuhakikisha anajua kiwanja kitakachopigwa mnada ni chake.

Shahidi na mkalimani wasiwe watu wanaonufaika na mkopo. Mkalimani wa Kigiriama asiwe jamaa wa mkopaji. Wakili anayeiwakilisha benki naye asijifanye mshauri wa mkopaji, na kamishna wa viapo haruhusiwi kupokea kiapo katika shauri ambalo yeye ni wakili wa mmoja wa pande.

Kama ardhi ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataka mwenzi aliyemo humo atie sahihi au ithibitike ameridhia. Mwenzi huyo msikilize naye peke yake.

Kusoma

Soma kila kitu, tangu jina la hati hadi nambari ya ukurasa. Hakuna "hii ni ya kawaida tu." Kama hati ni ya Kiingereza na mteja amechagua Kiswahili, soma kifungu, kitafsiri, simama, kisha endelea. Tafsiri ya jumla mwishoni haitoshi.

Nambari zisome mara mbili, kwanza kwa maneno kisha tarakimu moja moja. Halafu zipe maana, kwa sababu asilimia peke yake haimwambii mtu atatoa nini mfukoni. Chukua mkopo wa shilingi 500,000 kwa asilimia 14 kwa mwaka, miezi 36. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, malipo ni kama 17,089 kwa mwezi, jumla yapata 615,200. Asilimia 14 ile ile ikipigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, malipo ni 19,722 kwa mwezi, jumla 710,000. Tofauti ni karibu shilingi 95,000, na kwenye hati yote inategemea maneno mawili matatu. Na kama benki inakata asilimia 3 ya ada mwanzoni, mkononi zinafika 485,000 huku deni likiandikwa 500,000. Mikopo ya kiislamu isiyo na riba isome kwa namna yake: bei ya kununulia, faida iliyoongezwa, jumla, na nani anamiliki mali hadi deni liishe.

Kama riba inaweza kubadilika, mwambie kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi ya siku 30 kabla ya kubadilishwa.

Kisha fika kwenye kukosa kulipa, nenda polepole kuliko kwingine kote. Kifungu cha 80 kinataka hati ya rehani ieleze madhara ya kukosa kulipa na nafuu alizonazo mkopaji. Tafuta maelezo hayo, na yasipokuwemo irudishe hati kwa benki. Mweleze mfululizo wenyewe: notisi ya kwanza chini ya kifungu cha 90, isiyopungua miezi mitatu, kisha notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, siku 40, kisha dalali na notisi yake ya siku 45. Mwambie pia kwamba mali ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba aliyeuza hakutimiza wajibu wake, mpaka athibitishe vingine. Wengi hawajawahi kuambiwa hilo.

Kama mteja ana simu inayosoma, mpe faili asikilize mwenyewe kwanza, siku moja kabla. Hilo haliondoi wajibu wako wa kusoma, ila maswali yake yatakuwa makali zaidi.

Kupima kama ameelewa

"Umeelewa?" ni swali lisilo na faida, jibu lake ni "ndiyo" hata kwa aliyelala. Uliza linalomfanya aseme yeye: unapokea ngapi mkononi? Unalipa ngapi kila mwezi, hadi lini? Jumla utakuwa umelipa ngapi? Umeweka nini rehani? Ukikosa miezi miwili nini kinafuata? Mwenzako unayemdhamini akitoroka, nani anadaiwa?

Andika majibu kwa maneno yake. Akijibu "wanachukua kiwanja cha Barani, kile cha minazi sita," andika hivyo hivyo, minazi na yote. Sentensi kama hiyo ina nguvu mahakamani kuliko aya nzima ya kiwakili, kwa sababu hakuna karani angeitunga. Akikosea jibu moja, rudi kwenye kifungu chake, soma tena, uliza tena. Akikosea mara ya tatu, ahirisha. Benki itanung'unika, inung'unike.

Ukitaka kurekodi sauti, mwombe idhini na uanze kurekodi kwa kuinasa idhini yenyewe. Sauti ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mwambie itakaa wapi na kwa nini.

Sahihi au dole

Aliyezoea kutia sahihi aachwe atie sahihi. Kiolezo unakitengeneza mwenyewe: kata kadi ngumu nyeusi ya ukubwa wa kadi ya ATM, milimita 85 kwa 54, toboa dirisha la milimita 75 kwa 12 katikati. Liweke dirisha juu ya mstari, mwongoze kidole chake cha shahada kwenye ukingo wa chini, mpe kalamu mkononi. Usimshike mkono anapoandika, maana mstari uliotiwa nguvu na mkono wa mtu mwingine ndio wa kwanza kutiliwa shaka. Sahihi ya asiyeona hubadilika kidogo kila mara; mwombe atie mbili tatu kwenye karatasi ya pembeni kwanza, hifadhi karatasi hiyo faili moja na hati.

Dole lina mitego yake. Mvuvi aliyevuta kamba na nyavu miaka arobaini ana gumba lililosagika, mistari haionekani, na ukimbandika wino mwingi utapata doa jeusi. Safisha gumba kwa spiriti, subiri likauke, ligusishe pedi kidogo tu, kisha liviringishe kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine mara moja, bila kurudi. Likiharibika, lirudie pembeni na uandike "alama ya pili". Usibandike juu ya la kwanza. Andika chini yake gumba la mkono upi, la nani. Tumia gumba hilo hilo kwenye hati zote.

Herufi za mwanzo za jina au dole liwe kila ukurasa, maana mteja huyu hataona ukurasa ukibadilishwa baadaye. Hesabu kurasa pamoja naye, azipitishe mkononi moja moja. Kama una muhuri mkavu wa kubana, ubane kona ya kurasa zote zikiwa pamoja; mwongoze kidole chake apapase duara lile lililovimba, umwambie: kila karatasi ya hati hii ina alama hii, ukiletewa isiyo nayo uliza. Nafasi zilizo wazi zipigwe mstari zote kabla hajatia sahihi.

Cheti

Hapa ndipo uzembe ulipozoeleka: muhuri wa "imesomwa na kuelezwa" unagongwa kwa mazoea, hata saa haijaandikwa. Kanuni za viapo za Kenya zina maneno maalumu ya kiapo cha asiyeona au asiyejua kusoma: kwamba yaliyomo yalisomwa kwa ukweli, waziwazi na kwa sauti, vielelezo vikaelezwa, naye akaonekana kuelewa vyema. Hati ya mkopo si kiapo, lakini maneno hayo ni kipimo kizuri. Kwa lugha ya hati, andika kitu kama hiki:

"Mimi, (jina), wakili, nathibitisha kwamba tarehe (...), kuanzia saa (...) hadi saa (...), mjini Malindi, (jina kamili), mwenye kitambulisho nambari (...), asiyeona, alifika mbele yangu. Nilimsomea hati hii yote, kurasa (1 hadi ...), na kumtafsiria kwa Kiswahili. Nilizungumza naye faraghani kabla ya kusoma. Alieleza kwa maneno yake kiasi cha mkopo, malipo, dhamana na matokeo ya kutolipa, kama ilivyo kwenye kumbukumbu iliyoambatishwa. Alitia sahihi/dole gumba la (kulia/kushoto) kwa hiari mbele yangu na mbele ya (shahidi)."

Mkalimani naye aandike chake: jina, lugha, kwamba hana uhusiano na mkopaji wala mkopeshaji. Waliokuwa chumbani waorodheshwe wote.

Nakala, na barua zitakazokuja

Asiondoke bila nakala. Kata pembe ya juu ya barua ya mkopo mara moja, ya rehani mara mbili, ya udhamini mara tatu, azitambue kwa kidole. Faili la maandishi litumwe kwenye simu yake papo hapo, akiwa bado ameketi, na ahakikishe linasomeka kwa sauti.

Lililobaki husahauliwa karibu kila mara. Mikataba mingi husema notisi ikitumwa kwa sanduku la posta inahesabika imefika. Kwa asiyeona, barua hiyo itakaa juu ya kabati mpaka mjukuu aje likizo, na miezi mitatu ya kifungu cha 90 itakuwa inakatika. Kabla ya kutia sahihi, itake benki iongeze kifungu: kila notisi itumwe kwa maandishi na pia kwa ujumbe wa simu kwa nambari ya mteja, na apigiwe simu siku hiyo hiyo. Mruhusu ataje mtu mmoja wa kupelekewa nakala, anayemchagua yeye, si lazima awe aliyemleta. Mweleze pia kwamba hakuna afisa wa benki anayepaswa kumuuliza nambari ya siri ya M-Pesa au ya kadi, hata akisema ni ya "kufungua mkopo". Benki ikikataa kifungu cha notisi, andika hivyo kwenye kumbukumbu na umwambie mteja kabla hajashika kalamu.